DAWA NI BURE, LAKINI SAA YA KUIFUATA YATOZWA



Tangu mwaka 2006 dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hutolewa bure katika hospitali za Serikali hapa Kenya. Kupimwa ni bure. Mashauri ni bure. Hayo twayajua sote, na kila mwenye kusimama jukwaani hutukumbusha. Lakini kuna kitu kimoja ambacho si bure, na ambacho hakitajwi jukwaani: saa ya mfanyakazi. Mshonaji anayelala Kitengela na kufanya kazi katika viwanda vya EPZ vya Athi River, akienda kliniki siku ya kazi, mara nyingi hukatwa mshahara wa siku nzima. Akiwa kibarua, huenda kesho yake akamkuta mwingine ameketi mbele ya mashine yake. Basi dawa isiyo na bei imewekewa bei, na anayeitoza si daktari.

Jambo hili ndilo tunalotaka kulisema leo waziwazi. Wengi hudhani UKIMWI ni habari ya daktari, ya padri na shehe, au ya mashirika yenye magari meupe. Sisi twasema kwamba ni habari ya chama cha wafanyakazi pia. Mambo mawili humzuia mwenzetu asiifikie dawa: kukosa saa na kukosa siri. Yote mawili huzaliwa kazini. Na yanayozaliwa kazini hutengenezwa kazini, kwa mapatano kati ya chama na mwajiri.

MJI WETU NA SAA ZAKE

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000 Kitengela. Watu hawa hawakuletwa na mvua. Waliletwa na kazi: viwanda vya EPZ, ambavyo sheria yake ilipitishwa mwaka 1990, viwanda vya simiti, machinjio, mashamba ya maua ya upande wa Isinya, na kazi za Nairobi. Kabla jua halijatoka, barabara ya Namanga imejaa watu waendao kwa miguu na kwa matatu, na wengi wao hawarudi mpaka giza limeingia.

Sasa tazama mpaka. Kitengela iko katika Kaunti ya Kajiado. Athi River iko katika Kaunti ya Machakos. Tangu mwaka 2013 zahanati na hospitali zilizo karibu nasi zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi mfanyakazi wetu hulala chini ya gavana mmoja na kufanya kazi chini ya gavana mwingine. Kajiado humhesabu usiku, lakini mchana hayupo. Machakos humwona mchana, lakini faili yake haiko huko. Na kliniki nyingi za wenye virusi hufanya kazi mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Lango la kliniki na lango la kiwanda hufunguliwa pamoja na kufungwa pamoja. Mtu mmoja hawezi kupita malango mawili kwa wakati mmoja.

UGONJWA ULIVYO LEO

Mgonjwa wa kwanza hapa Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Wazee wa kazi wanaikumbuka miaka hiyo, ambapo karatasi ya mchango wa mazishi ilizunguka kiwandani kabla ile ya kwanza haijakwisha. Hofu tuliyo nayo mpaka leo ni hofu ya miaka hiyo. Lakini ugonjwa wa leo si ule wa wakati ule, na ni lazima kila mwanachama ajue tofauti.

Tangu mwaka 2016 mtu akipimwa na kukutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungojea adhoofike. Wengi humeza kidonge kimoja kwa siku. Akimeza bila kuacha, virusi hupungua hata kipimo cha damu kisivione, na akikaa katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Jambo hili limethibitishwa na tafiti kubwa. Mama mjamzito mwenye virusi akitumia dawa vema aweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Mtu wa namna hii ana nguvu za kushona, kupakia simiti, kuendesha lori na kulea watoto wake hadi wajukuu.

Kinga nayo imeongezeka. Kondomu ingali inafanya kazi yake. Tangu mwaka 2017 kuna kidonge cha kinga, kiitwacho PrEP, kwa asiye na virusi aliye katika hatari. Kuna kipimo cha mtu kujipima mwenyewe nyumbani. Kuna dawa ya dharura, iitwayo PEP, kwa aliyebakwa, au aliyechomwa na sindano, au ambaye mpira umempasukia. Hii yapasa kuanzwa kabla saa 72 hazijapita, na mapema zaidi ni bora, kisha humezwa siku 28. Na Juni 2025 Marekani iliidhinisha sindano ya kinga iitwayo lenacapavir, inayopigwa mara mbili tu kwa mwaka. Mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Serikali ilifanya uchunguzi wa nchi nzima mwaka 2018. Ilionekana kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64, karibu 5 walikuwa na virusi. Wanawake walikuwa 6.6 katika 100, wanaume 3.1. Lakini hesabu inayotuhusu zaidi ni hii inayofuata. Katika kila watu wazima 100 wenye virusi, karibu 80 tu ndio waliojua. Katika hao waliojua, 96 kwa kila 100 walikuwa wakimeza dawa. Na katika hao wenye kumeza, karibu 91 kwa kila 100 walikuwa wamevishinda nguvu virusi.

Isome hesabu hiyo kama mfanyakazi asomavyo karatasi ya mshahara, utafute palipokatwa. Aliyefika kliniki alipata dawa, na dawa ilifanya kazi yake. Upungufu mkubwa ulikuwa mlangoni, kwa wale ambao hawajaingia. Na wanaume waliojua hali yao walikuwa wachache kuliko wanawake, kwa maana mwanamke hupimwa akienda kliniki ya uzazi, lakini mwanamume hana siku iliyotengwa ya kuonana na daktari. Ukimwuliza kwa nini hakwenda, atakujibu: nitakwenda saa ngapi?

KARATASI YA RUHUSA

Tuchukue mfano, na kila mwakilishi wa chama kiwandani atatambua kwamba si hadithi. Dada mmoja ana tarehe ya kliniki. Mara ya kwanza amwambia nyapara kwamba kichwa chamuuma. Mara ya pili asema mtoto anaumwa. Mara ya tatu asema amefiwa. Mara ya nne hana tena jamaa wa kumzika. Basi tarehe yapita, dawa zakwisha chupani, akaa wiki mbili bila kumeza. Virusi vilivyokuwa vimelala huamka, na vikizoea hali hiyo hujifunza kuishinda dawa.

Kwa nini asiseme kweli? Kwa sababu nyapara atadai karatasi, na karatasi itakuwa na muhuri wa kliniki ambayo kila mtu aijua kwa jina la CCC. Karatasi itapita kwa nyapara, itapita kwa karani, italala juu ya meza. Kufikia saa ya chakula laini nzima inajua. Siku ya kupunguza watu ikifika, jina lake litakuwa la kwanza, na sababu itakayoandikwa ni "uchache wa kazi".

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Ni kweli. Lakini methali hiyo huambiwa mgonjwa peke yake. Haulizwi aliyemfanya afiche. Mtu ambaye kufichua kwake kwamgharimu chakula cha watoto hafichi kwa ujinga. Afanya hesabu. Kazi ya chama ni kuibadili hesabu hiyo, ili kwenda kliniki kusiwe na hasara.

SHERIA YASEMAJE

Sheria iko upande wetu kwa mengi, na yafaa kila mwanachama aishike kama ashikavyo kadi yake.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 yakataza kumlazimisha mtu apimwe virusi ili apate kazi au abaki kazini. Majibu ya kipimo ni mali ya aliyepimwa, na hayatolewi kwa mwajiri bila idhini yake. Sheria hiyo yakataza pia kumnyima mtu kazi, kumhamisha, kumnyima cheo au kumfuta kwa sababu ana virusi, au hata kwa kushukiwa tu kuwa navyo. Iliunda baraza la hukumu la mambo ya UKIMWI, ambako mtu aweza kupeleka mashtaka yake. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yataja hali ya virusi kwa jina lake miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo.

Haya si maneno ya karatasi tu. Mwaka 2013 Mahakama ya Kazi ya Nairobi ilihukumu kesi ya mwanamke aliyepimwa na mwajiri wake bila idhini, akanyimwa kazi ya kudumu kwa miaka kadhaa na kulipwa chini ya wenzake. Mahakama iliamuru alipwe karibu shilingi milioni 7. Kila mwajiri anayedhani kipimo cha siri ni jambo dogo na asome hukumu hiyo.

Lakini sheria ina pengo moja, na ni kwenye pengo hilo wenzetu wanaanguka. Sheria ya Ajira humpa mfanyakazi, baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Sharti lake ni hati ya daktari kwamba mtu huyo hawezi kufanya kazi. Sasa, mwenzetu anayemeza dawa vizuri ana nguvu zake zote. Daktari mwaminifu hawezi kuandika kwamba hawezi kazi. Aenda kliniki ili asiugue. Sheria humpa ruhusa aliyekwisha anguka, na haimpi anayejizuia asianguke. Ajizuiaye hula siku zake za likizo, au hukatwa, au hudanganya.

Pengo hilo hatungojei Bunge lilizibe. Sheria huweka kiwango cha chini, na mapatano ya chama na mwajiri yana ruhusa ya kukipita. Hiyo ndiyo kazi ya chama tangu vyama vilipoanza.

FEDHA ZA WAGENI ZILIPOKATIKA

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi hii ililipiwa na Marekani. Katika Nairobi na Kajiado kulikuwa na mradi wa Fahari ya Jamii, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa fedha za shirika la USAID. Miradi ya namna hii huajiri wapimaji, washauri, makarani wa faili, na watu wa kumtafuta mgonjwa aliyepotea na kumrudisha. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kufikia Julai 2025 USAID yenyewe ilikuwa imefungwa. Nchini kote wahudumu waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walirudishwa nyumbani, na Serikali ikahimiza kliniki za UKIMWI ziunganishwe na huduma nyingine za hospitali.

Kuunganishwa huko kuna jema na baya, nasi twataja yote mawili. Jema ni kwamba wote hukaa benchi moja, mwenye presha, mwenye sukari na mwenye virusi, wala jirani hawezi kujua nani amefuata nini. Hiyo ni siri ambayo mlango wenye kibao haukuweza kutoa. Baya ni kwamba benchi limekuwa refu. Yule mshauri aliyemjua mgonjwa kwa jina na kumpigia simu hayupo. Aliyekuwa akitumia saa mbili sasa atatumia asubuhi nzima. Maana yake ni kwamba saa, ambayo tayari ilikuwa ghali, imepanda bei.

Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia sahihi mapatano mapya ya afya ya miaka 5, ambayo ndani yake Kenya imeahidi kuongeza fedha zake yenyewe. Mwezi huo huo Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu inayohusu kupeleka habari za wagonjwa nje ya nchi. Tazama basi: hata mbele ya mataifa makubwa, neno ni lile lile linalotusumbua mbele ya meza ya karani. Nani ana haki ya kujua habari za mwili wa mtu?

Sisi hatuwachukii waliotusaidia. Lakini nyumba inayosimama kwa nguzo ya jirani huanguka jirani akiondoa nguzo yake. Kila mwezi twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Tumekwisha lipa mlangoni. Hatutakubali kuambiwa kwamba hatuna nafasi ya kuingia.

SI KITENGELA PEKE YAKE

Wako wanachama watakaosema kwamba twazungumza habari za mjini tu. La. Kaunti ya Kajiado ina kilomita za mraba zinazokaribia 22,000. Kutoka machimbo ya mawe, kutoka Magadi kwenye kazi ya soda, kutoka mashamba ya upande wa Loitokitok, mwendo wa kwenda hospitali kubwa waweza kuimaliza siku. Mchungaji wa kuajiriwa hufuata majani. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 ng'ombe walihamishwa mbali sana, na mchungaji aliyeondoka na dawa za mwezi mmoja alirudi baada ya miezi mingi. Dereva wa lori anayengoja karatasi mpakani Namanga hajui wiki ijayo atakuwa Arusha au Mombasa.

Kwa hawa pia dawa ipo, na njia ipo. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia huweza kupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mara moja. Wagonjwa wanaoaminiana huweza kuunda kikundi kidogo, na mmoja wao, kwa zamu, huwachukulia wenzake dawa. Mpango huo ni sawa na chama chetu kwa udogo: watu wachache wasio na saa huunganisha saa zao. Mwulize mhudumu wa kliniki yako. Usingoje aanze yeye.

WENYE VIWANDA HUSEMA

Tunajua majibu watakayotupa, na tunayajibu mapema.

Watasema, kazi itasimama. Hebu tuhesabu. Mtu aliyetulia huhitaji kufika kliniki mara mbili hadi nne kwa mwaka. Nusu siku nne ni siku mbili kamili. Mtu aliyeacha dawa na kulazwa hupotea wiki nyingi, na fundi mpya huhitaji kufundishwa. Mwenye kiwanda anayejua hesabu ya uzi na vifungo ataijua na hii.

Watasema, watu watadanganya. Ndiyo maana tunakubali karatasi ya kuhudhuria. Tunachokataa ni karatasi inayotangaza ugonjwa.

Watasema, mwenye virusi aje kwetu aseme, tutamsaidia. Labda wako wenye nia njema. Lakini msaada unaodai ungamo kwanza si haki, ni hisani, na hisani huondoka na meneja aliyeileta. Sisi twataka ruhusa ambayo mtu huipata bila kumweleza yeyote sababu.

Watasema, tutaleta wapimaji ndani ya kiwanda. Karibu, kwa hiari. Wengi wamejua hali zao kwa njia hiyo. Lakini hema likisimamishwa mbele ya dirisha la ofisi, kila mtu atahesabu dakika ambazo mwenzake amekaa ndani. Orodha ya waliopimwa isipite mikononi mwa mwajiri hata kwa sekunde moja.

MADAI YETU

Kwa hayo yote, twapendekeza kwamba matawi yote yadai mambo haya katika mapatano yajayo:

1. Kila mfanyakazi apewe nusu siku nne kwa mwaka za kwenda kliniki, kwa mshahara kamili, juu ya likizo yake na juu ya ruhusa ya ugonjwa. Nusu siku hizi ziwe za afya ya aina yoyote: presha, sukari, uzazi, chanjo ya mtoto, kupimwa saratani, virusi. Zikiwa za wote, hakuna atakayejulikana kwa kuzichukua. Anayeanza dawa, ambaye huitwa kliniki mara nyingi zaidi miezi ya kwanza, aongezewe kwa karatasi ile ile isiyotaja ugonjwa.

2. Karatasi ya kliniki iseme tu kwamba mtu fulani alihudhuria, siku fulani, na iwe na muhuri wa hospitali bila jina la idara. Ipokewe na mtu mmoja aliyeapa kutunza siri, wala isipite kwa nyapara.

3. Vibarua wasiachwe nje. Sheria ya Ajira, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Mwajiri anayemwandika mtu upya kila wiki ili kuikwepa sheria ajue kwamba tunaona.

4. Mwanamke anayetoka zamu usiku apewe usafiri hadi karibu na nyumbani. Na akipatwa na shari njiani, aruhusiwe kwenda hospitali saa ile ile bila kukatwa, kwa maana zile saa 72 hazingojei siku ya mapumziko. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 yampa haki ya kutibiwa katika hospitali ya Serikali kwa gharama ya Serikali.

5. Serikali za kaunti za Kajiado na Machakos zifungue kliniki angalau jioni moja kila wiki na kila Jumamosi, Kitengela na Athi River. Zipatane kwamba mgonjwa wa upande mmoja aweza kuchukua dawa upande wa pili bila kuulizwa anatoka wapi.

6. Kaunti zitenge fedha zake zenyewe kwa upimaji, dawa na wahudumu wa afya wa jamii. Wahudumu hao ndio wanaopita nyumba kwa nyumba. Walipotumwa kote nchini mwaka 2023 waliahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Nao ni wafanyakazi, na posho inayochelewa ni deni.

KAZI YETU SISI WENYEWE

Dai la chama halina nguvu kama wanachama wenyewe wanavunja siri ya wenzao. Wako wanaomtazama mtu aliyekonda na kumpa jina la kejeli. Wako wanaohama ploti kwa sababu jirani ana chupa ya dawa dirishani. Anayefanya hivyo amfanyia mwajiri kazi yake bure. Mkuu wa kiwanda hana haja ya kupeleleza ikiwa sisi tunampelekea habari kwa vicheko. Katika mgomo, anayetoa siri za chama tunamwita msaliti. Anayetoa siri ya damu ya mwenzake tutamwita nani?

Wawakilishi wa chama kiwandani, ninyi mna kazi mbili. Ya kwanza ni kujua sheria tulizozitaja hapo juu na kuzisema kwa sauti siku kibarua mpya anapotumwa kupimwa damu kabla ya kuandikwa. Ya pili ni kufunga mdomo. Mwanachama akija kwako na neno hili, usiliandike, usilipeleke kwa mwenyekiti, usimwambie mkeo au mumeo. Msaidie apate saa yake, basi.

Na kila mwanachama, mume kwa mke, na ajue hali yake mwaka huu. Aliye mzima ajue njia za kujikinga. Aliye na virusi aanze dawa na asiache hata siku moja. Aliyeacha kwa hofu ya nyapara arudi kliniki wiki hii. Hatamkuta hakimu pale, atamkuta mhudumu. Asingoje madai yetu yakubaliwe.

Kaunti zinapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, mara nyingi ukumbi hujaa wenye biashara na wenye ardhi, na wafanyakazi hawaonekani kwa sababu wako kazini. Tawi la Kitengela na lipeleke watu wake Kajiado, wakiwa na dai la 5 na la 6 mkononi. Madai mengine manne yatasomwa katika mkutano mkuu wa tawi, yapigiwe kura, kisha yapelekwe kwa waajiri kwa barua. Njoo na kadi yako. Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe mwenzako wa mashine ya pili.

UMOJA NI NGUVU.